NI NANI AUPIGISHAYE MOYO?

Siku ya Jumapili, soko la Kibuye katika mji wa Kisumu linapojaa watu hata pasiwe na mahali pa kukanyaga, mtu akienda upande wa wauza samaki aweza kuona jambo la ajabu asipolipita kwa haraka. Mama muuzaji humpasua kambare aliyeletwa akiwa hai, yule ambaye Wajaluo humwita mumi, akatoa matumbo yake na kuyatia katika karai. Samaki amekwisha kufa. Kichwa kimekatwa, na ubongo umekwenda pamoja na kichwa. Walakini ndani ya lile karai kipande kidogo chekundu, mfano wa punje ya haragwe, kingali kinacheza: hujikunja, hulegea, hujikunja tena. Huo ndio moyo wa samaki. Mtu aliye na subira aweza kuyahesabu mapigo yake kwa dakika kadha wa kadha kabla haujanyamaza.

Wako wasemao kwamba roho ya samaki haijatoka bado. Wengine huona ni mchezo tu, nao hawaulizi zaidi. Lakini swali ni zuri nalo lastahili kujibiwa. Ikiwa ubongo haupo, na damu haipo, na mwili wenyewe haupo, ni nani anayeuamuru moyo ule upige?

Jibu ni kwamba hakuna anayeuamuru kutoka nje. Moyo hujiamuru wenyewe, nao hufanya hivyo kwa umeme unaoutengeneza ndani yake. Moyo wa binadamu hufanya vivyo hivyo. Katika somo hili tutaeleza jinsi umeme huo unavyopatikana, njia unayopita, na jinsi unavyoifanya nyama ya moyo ikaze. Tena msomaji asidhani kwamba habari hii ni ya wanachuo peke yao. Katika nchi zinazolizunguka Ziwa Victoria, ambako radi ni nyingi kuliko karibu mahali pote duniani, na ambako malaria haijatutoka, kulijua jambo hili kwaweza kumwokoa mtu.

Umeme usiokuja kwa waya

Tukitaja umeme, mtu hufikiri juu ya stima inayokuja kwa nguzo na nyaya, au betri za kurunzi. Viumbe hai pia hutengeneza umeme. Katika ziwa letu yuko samaki mwenye mdomo mrefu uliopinda kama mkonga wa ndovu. Samaki huyu hutoa umeme hafifu kutoka karibu na mkia wake, nao humsaidia kujua njia usiku na katika maji ya matope. Kiungo kinachoutoa umeme huo kilitokana na misuli. Basi misuli na umeme ni ndugu wa zamani.

Mtu wa kwanza kulionyesha jambo hilo waziwazi alikuwa daktari mmoja wa Italia, Luigi Galvani, ambaye mwaka 1791 alitangaza jinsi miguu ya chura aliyekufa ilivyoruka ilipoguswa na umeme. Tangu siku zile wataalamu wamekuwa wakiuliza umeme huu watoka wapi.

Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho, na kila chembe imezungukwa na ngozi nyembamba. Nje ya chembe mna maji yenye sodiamu nyingi, ambayo ni sehemu mojawapo ya chumvi tunayoila. Ndani mna potasiamu nyingi, ambayo twaipata katika ndizi, viazi na mboga. Katika ngozi ya chembe zimo pampu ndogo zisizolala: hutoa sodiamu tatu nje na kuingiza potasiamu mbili ndani, mchana na usiku. Na potasiamu hujipenyeza nje kidogo kidogo. Kwa sababu hiyo upande wa ndani wa chembe hubaki na upungufu wa umeme ukilinganishwa na nje, kadiri ya sehemu tisa za mia za volti moja. Betri moja ya kurunzi ina volti moja na nusu. Basi nguvu ya chembe moja ya moyo haifiki hata sehemu ya kumi na tano ya betri hiyo. Lakini chembe ni nyingi sana, nazo hufanya kazi pamoja.

Mfano wake ni lango la soko siku ya mnada. Watu wamesongamana nje, na askari amelifunga lango. Lango likifunguliwa, watu huingia kwa kishindo. Hivyo ndivyo sodiamu inavyosongamana nje ya chembe ya nyama ya moyo. Milango ikifunguka, huingia ndani kwa muda wa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, na umeme wa ndani hugeuka. Chembe ya jirani huona mgeuko huo, nayo hufungua milango yake. Kisha ile ya tatu, na ya nne, mpaka habari imeenea katika moyo mzima.

Lakini ni nani anayefungua mlango wa kwanza? Katika chumba cha juu cha upande wa kuume wa moyo, karibu na mahali ambapo mshipa mkubwa huleta damu kutoka kichwani na mikononi, liko fundo dogo la chembe za namna ya pekee. Chembe hizi hazijui kupumzika. Milango yao huvuja. Msomaji afikiri kopo lililotundikwa chini ya mchirizi wa paa wakati wa mvua: maji hudondoka ndani yake kidogo kidogo, likijaa hupinduka na kumwaga yote, kisha hurudi mahali pake na kuanza kujaa tena. Hakuna mtu anayelipindua. Fundo la moyo ni kama kopo hilo. Umeme hujaa ndani yake polepole mpaka kiasi fulani, ndipo hufyatuka, na pigo moja la moyo huanza.

Likiachwa peke yake, fundo hili lingefyatuka kiasi cha mara 100 kwa dakika. Lakini kutoka kwenye ubongo huja mishipa ya fahamu miwili, mmoja wa kulituliza na mwingine wa kuliharakisha. Mtu akiwa ametulia, ule wa kutuliza huwa na nguvu, na mapigo hushuka hata 70 hivi. Akikimbia, au akisikia simba, ule wa kuharakisha hushika usukani. Basi ubongo waweza kuuhimiza moyo na waweza kuutuliza, bali kuanzisha pigo si kazi yake. Daktari Christiaan Barnard alipouhamisha moyo wa mtu mmoja na kuutia katika kifua cha mwingine huko Cape Town tarehe 3 Desemba 1967, mishipa yote ya fahamu ilikuwa imekatwa. Na moyo ule ulipiga.

Fundo hilo liligunduliwa kwa njia ya kuchekesha kidogo. Mwaka 1906 kijana Mwingereza aitwaye Martin Flack, aliyekuwa bado mwanafunzi wa uganga, alikuwa akichungulia kwa darubini vipande vya moyo wa fuko, yule mnyama anayechimba mashimo shambani. Aliona chembe zisizofanana na nyingine. Mwalimu wake, Arthur Keith, aliporudi nyumbani alionyeshwa, na mwaka uliofuata walitangaza habari hizo pamoja. Wakulima wetu wanaowategea fuko kwa hasira hawajui kwamba sayansi ina deni kwake.

Njia ya umeme ndani ya moyo

Moyo una vyumba vinne. Viwili vya juu hupokea damu, na viwili vya chini huisukuma: cha kuume huipeleka mapafuni, na cha kushoto, chenye ukuta mnene, huipeleka mwilini kote. Ikiwa vyumba vyote vingekaza kwa mara moja, damu isingejua pa kwenda. Kwa hiyo lazima vya juu vikaze kwanza, vimimine damu yao chini, ndipo vya chini vifuate. Mpango huu wa zamu ni kazi ya umeme pia.

Umeme ukitoka katika fundo la kwanza huenea katika kuta za vyumba vya juu kwa muda usiofika sehemu ya kumi ya sekunde. Kati ya vyumba vya juu na vya chini pana utando mgumu usiopitisha umeme, isipokuwa mahali pamoja tu, penye fundo la pili. Hapo umeme huenda polepole na kucheleweshwa kiasi cha sehemu ya kumi ya sekunde. Ni kama gari moshi linalosimamishwa kwenye stesheni mpaka njia iwe wazi. Katika muda huo mdogo vyumba vya chini hujazwa. Fundo hili la pili lilielezwa vizuri na Mjapani Sunao Tawara mwaka 1906, alipokuwa akisoma Ujerumani.

Umeme ukipata ruhusa, hushuka kwa nyuzi za pekee ambazo zaupitisha upesi sana, mita 2 hata 4 kwa sekunde, mpaka ncha ya chini ya moyo, kisha hupanda kuta za pande mbili. Kwa sababu hiyo vyumba vya chini hukamuliwa kutoka chini kwenda juu, kama mtu akamuavyo mfuko, maana mishipa ya kutokea iko juu.

Haya yote, tangu fundo la kwanza mpaka pigo, hutimia kabla hujamaliza kutamka neno “moyo”. Nayo hurudiwa kiasi cha mara 100,000 kwa siku. Kila pigo husukuma kama mililita 70 za damu. Msomaji akipenda hesabu ataona kwamba hizo ni lita 7,000 kwa siku, yaani mitungi 350 ya lita 20. Vijana wanaosukuma mikokoteni ya maji katika mitaa ya Kisumu wajue kwamba kila mmoja wao ana mwenzake kifuani ambaye hapumziki hata Jumapili.

Jinsi nyama inavyokaza

Umeme peke yake hauvuti kitu. Umeme ni tarumbeta tu. Anayefanya kazi ni mwingine. Huyo aliyesimama kati ya tarumbeta na kazi ni kalsiamu, madini yale yale yaliyomo katika chokaa, mifupa na maziwa.

Jambo hili lilijulikana kwa bahati. Katika miaka ya 1880 daktari Sydney Ringer wa London alikuwa akichunguza mioyo ya vyura, akiitumbukiza katika maji ya chumvi. Ilipiga vizuri kwa muda mrefu. Baadaye alitumia maji yaliyosafishwa kabisa, na mioyo ikaacha kupiga. Alipochunguza sababu, aligundua kwamba hapo kwanza msaidizi wake alikuwa akitumia maji ya bomba, na maji ya bomba ya London yalikuwa na kalsiamu. Ringer alitangaza habari hii mwaka 1883. Hata leo dripu moja inayotiwa wagonjwa katika hospitali huitwa kwa jina lake.

Umeme unapopita juu ya chembe ya nyama ya moyo, kalsiamu kidogo huingia kutoka nje. Kidogo hiki hubisha hodi katika ghala zilizomo ndani ya chembe, nazo humwaga kalsiamu nyingi zaidi. Ndani ya chembe zimepangwa nyuzi nene na nyuzi nyembamba, sambamba. Nyuzi nene zina vichwa vingi vidogo vinavyotaka kuzishika nyuzi nyembamba na kuzivuta, lakini mahali pa kushikia pamefunikwa. Kalsiamu huondoa kifuniko. Hapo vichwa hushika, huvuta, huachia, hushika mbele kidogo, na kuvuta tena. Aliyepata kuona wavuvi wa Dunga au Usenge wakivuta wavu mrefu ufukoni atalielewa jambo hili bila maelezo mengi: mikono mingi juu ya kamba moja, kila mmoja akivuta kwa shubiri, na wavu unakuja. Basi nyuzi hupita kati ya nyuzi, chembe hufupika, na moyo hukaza.

Kisha pampu huirudisha kalsiamu ghalani, kifuniko hurudi, na nyama hulegea. Moyo usiolegea haufai kitu, kwa kuwa haujai damu.

Tena liko jambo moja la busara sana katika maumbile ya moyo. Mguu waweza kushikwa na mkakamao, misuli ikakaza bila kulegea, na mtu akapiga kelele usiku. Moyo haushikwi hivyo. Chembe ya moyo ikisha kufyatuka, hukataa amri nyingine kwa muda wa kama robo ya sekunde, mpaka imelegea. Tarumbeta ipigwe mara ngapi, haitasikia.

Kuuandika umeme wa moyo

Umeme wa moyo huenea mwilini mpaka kwenye ngozi, ingawa huwa hafifu sana. Mwaka 1887 Augustus Waller alifaulu huko London kuuonyesha umeme huo kutoka kwa binadamu bila kumpasua. Alikuwa na mbwa aitwaye Jimmy, ambaye alisimama kwa utulivu huku miguu yake ikiwa katika vyombo vya maji ya chumvi. Watu walipomwona mwaka 1909, Mbunge mmoja alilalamika Bungeni kwamba mbwa anateswa. Ikabidi Waziri aeleze kwamba yale yalikuwa maji yenye chumvi ya kawaida tu.

Aliyeifanya kazi hii iwafae wagonjwa ni Mholanzi Willem Einthoven. Mashine yake ya mwanzo wa karne ya 20 ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, na watu watano waliiendesha. Mwaka 1924 alipewa tuzo ya Nobel. Leo mashine ya namna hiyo hubebwa mkononi. Katika hospitali kubwa, kama ile ya rufani ya Kisumu iliyofunguliwa mwaka 1969 na ambayo wenyeji wangali wanaiita “Russia” kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Warusi, mgonjwa hulazwa, hubandikwa nyaya kifuani, mikononi na miguuni, na karatasi hutoka ikiwa na mistari ya vilima na mabonde. Kilima kidogo cha kwanza ni vyumba vya juu. Mlima mrefu mwembamba ni vyumba vya chini vikipokea amri. Kilima kinachofuata ni vyumba hivyo vikijitayarisha upya. Kipimo hiki hakiumizi. Nyaya hizo hazileti umeme ndani ya mwili. Zausikiliza tu ule uliomo. Twalisema hili kwa sababu wako wazee wanaokikataa wakidhani watapigwa na stima.

Kwinini, malaria na moyo

Kutoka kwenye karatasi hiyo madaktari walijifunza jambo linalotuhusu sana sisi wa kandokando ya ziwa. Mwaka 1912 mfanyabiashara mmoja Mholanzi alimwendea daktari Karel Wenckebach. Moyo wake ulikuwa ukipiga ovyo, bila mwendo. Daktari alimwambia hana dawa ya kuondoa hali hiyo. Yule mfanyabiashara alijibu kwamba yeye amewahi kukaa katika nchi za malaria, na kwamba akinywa kwinini moyo wake hurudi katika mwendo wake. Kesho yake alikuja, na mapigo yalikuwa sawasawa. Mwaka 1918 Walter Frey alionyesha kwamba dawa nyingine inayotoka katika gamba la mti ule ule, iitwayo kwinidini, ina nguvu zaidi kwa kazi hiyo. Mti wenyewe umelimwa kwa miaka mingi karibu na Bukavu, mashariki ya Kongo.

Sababu yake ni kwamba dawa hizi huigusa ile milango ya chembe za moyo. Kwa kipimo cha daktari zaweza kutuliza moyo; kupita kipimo zaweza kuuvuruga. Kwinini ikitiwa katika mshipa wa damu kwa haraka ni ya hatari, ndiyo maana hospitalini hutiwa polepole kwa dripu. Klorokwini, ambayo Kenya iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998, imeua watu walioimeza kwa wingi, kwa kuusimamisha moyo. Na dawa nyingine, halofantrini, iliyopata kuuzwa pia Afrika Mashariki, ilichunguzwa mwaka 1993 na madaktari wa mpakani mwa Thailand, wakaona kwamba yachelewesha mno kile kilima cha mwisho katika karatasi ya moyo.

Mtu asikimbie dawa kwa kusikia haya. Malaria yenyewe huua wengi zaidi, na dawa za sasa zikitumiwa kwa kipimo chake ni salama. Ila kuongeza vidonge kwa kuwa homa haijashuka, au kuchanganya dawa mbili za maduka mawili, ni kucheza na milango tusiyoiona.

Vivyo hivyo kwa potasiamu. Mtu anayeharisha sana, kama ilivyotokea katika kipindupindu kilichoenea Nyanza mwaka 1997 na 1998, hupoteza maji pamoja na potasiamu, na mapigo yaweza kupotea njia. Ndiyo sababu katika pakiti ya dawa ya maji ya kunywa, iliyokubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, mna gramu moja na nusu ya kloraidi ya potasiamu kwa kila lita, zaidi ya chumvi na sukari.

Amri inapokatika

Kwa wazee hasa, ile njia ya katikati yaweza kuharibika, umeme wa juu usifike chini. Moyo hausimami mara moja, kwa kuwa vyumba vya chini vina chembe ziwezazo kuanzisha mapigo zenyewe. Lakini ni mapigo 20 hata 40 tu kwa dakika. Mzee huchoka, huona kizunguzungu, na pengine huanguka ghafula, kisha huzinduka. Mara nyingi watu wa nyumbani husema ni kifafa, au ni mapepo. Kabla ya kusema hivyo, na wamshike kifundo cha mkono wahesabu mapigo kwa dakika nzima. Yakiwa chini ya 40, safari ni ya hospitali.

Huko dawa yake ni mashine ndogo yenye betri inayotiwa chini ya ngozi ya kifua, na waya unaoshuka mpaka ndani ya moyo. Mtu wa kwanza kutiwa mashine iliyofichwa mwilini mzima alikuwa Arne Larsson wa Sweden, mwezi Oktoba 1958. Mashine ya kwanza haikudumu hata siku moja. Lakini alibadilishiwa nyingine na nyingine, zaidi ya 20, akaishi mpaka mwaka 2001, akiwa na miaka 86. Leo mashine hizi hutiwa Nairobi, Kampala, na katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete mjini Dar es Salaam, nazo hudumu miaka mingi kabla ya betri kubadilishwa.

Radi na waya wa stima

Ikiwa moyo huendeshwa na umeme mdogo, ni wazi kwamba umeme mkubwa kutoka nje waweza kuuvuruga. Lakini radi na stima haziuvurugi kwa namna moja, na tofauti hii ni ya maana.

Stima ya nyumbani ina volti 240, nayo hugeuka mbele na nyuma mara 50 kwa sekunde. Ikipita kifuani, hata sehemu ya kumi ya ampea moja, ambayo ni chini ya ile inayowasha balbu ya wati 60, yaweza kuzifanya chembe za moyo zifyatuke kila moja kwa wakati wake. Ni kama mashua yenye wapiga kasia ishirini na kila mmoja anapiga kwa wimbo wake: maji yanarushwa, jasho linatoka, na mashua haiendi. Moyo hutetemeka bila kusukuma damu. Dawa yake, ya ajabu kuisikia, ni umeme tena: pigo moja kubwa linalozinyamazisha chembe zote kwa pamoja, ili fundo la kwanza lipate nafasi ya kuanza upya. Claude Beck wa Marekani alimwokoa mtoto kwa njia hiyo mwaka 1947. Mashine hiyo haipo kijijini, lakini mikono ipo, nayo yaweza kuendesha damu mpaka msaada upatikane.

Radi hupita kwa muda mfupi mno kuliko kufumba jicho. Mara nyingi huzifyatua chembe zote kwa mara moja, na moyo husimama kimya. Lakini fundo la kwanza, likiwa zima, hujaa tena kama lile kopo la mchirizi, na moyo waweza kuanza wenyewe. Taabu ni kwamba sehemu ya ubongo inayoamuru kupumua hukawia zaidi kupata fahamu. Moyo umeanza, lakini pumzi hakuna. Baada ya dakika chache moyo hukosa hewa na kusimama mara ya pili. Mtu huyo alikufa kwa kukosa pumzi ya jirani.

Ziwani dhoruba huja zaidi usiku, na nchi kavu zaidi alasiri, wakati watoto wakiwa shuleni na watu wakiwa sokoni na mashambani. Katika nchi ya Kisii na Kakamega hakuna asiyejua habari za watu waliopigwa na radi. Na bado wako waogopao kumgusa aliyepigwa, kwa kudhani kwamba radi ingalimo ndani yake, au kwamba kuna mtu aliyeituma na ataudhika. Mwili wa mtu aliyepigwa na radi haubaki na umeme hata kidogo. Mguse mara moja.

Kwa aliyeshikwa na waya wa stima ni kinyume: usimguse kabla umeme haujakatwa. Zima swichi kubwa. Isipowezekana, usimame mahali pakavu na kumsukuma mbali na waya kwa mti mkavu. Waya mkubwa wa nguzo ulioanguka usikaribiwe na mtu yeyote mpaka wenye kazi hiyo waje.

Kisha kwa wote wawili kazi ni moja. Mlaze chali mahali pagumu. Ikiwa haitiki na hapumui, tuma mtu akaite gari, nawe weka viganja viwili, kimoja juu ya kingine, katikati ya kifua, ubonyeze kwa nguvu hata kifua cha mtu mzima kishuke kama sentimita 5, kwa mwendo wa mara 100 hata 120 kwa dakika. Kila baada ya mara 30 mfunge pua, umpulizie pumzi mbili kinywani, uone kifua kinainuka. Wakiwepo wenzako, mpokezane kila dakika mbili, maana kazi hii huchosha upesi. Kwa aliyepigwa na radi zile pumzi ni za lazima.

Radi ikiwapiga watu wengi pamoja, kama katika uwanja wa mpira, yule anayelia na kupiga kelele anapumua, na kwa kawaida ataishi. Mwanzie yule aliyelala kimya kama maiti. Na wote, hata aliyesimama na kujipangusa vumbi akasema hana neno, wapelekwe hospitalini siku ile ile, ili mapigo yao yaandikwe kwenye karatasi.